Utapita Kimya Kalunguta

Kavira mwanangu,

Hapana utaenda Butembo samedi, siku ya ndoa. Utaenda kesho asubui.

Kama unasoma umesimama, ukae. Najua utakasirika. Najua utasema, "Mama ameanza tena." Lakini hii mara sikuanza peke yangu. Baba yako anajua, Moise bwana yako wa kesho-kesho anajua, na sasa weye pia unajua. Mu hii nyumba hakuna mwengine. Hata songali wako Masika, hapana umuambie mupaka atakapokuwa amekaa juu ya pikipiki. Unamujua dada ya baba yako: neno ikiingia mu sikio yake asubui, saa sita iko inauzishwa ku soko pamoja na muhogo.

Uko kwa mwenye kukusuka nywele. Ulisema utarudi mbele ya jua kushuka. Miye nimekaa mu jiko, nimefunga mulango, mugongo ku mifuko ya makala, naandika juu ya goti. Hapana cheka mwandiko yangu. Niliishia troisième primaire, darasa ya tatu, unajua, na maneno ya murefu inanishindaka. Kama unaona herufi inakosekana, uweke yako.

Utauliza juu ya nini ninaandika na tunalala nyumba moja. Ni juu nyumba imejaa. Bamama bamekuja kusaidia kupika, batoto babo banalala mupaka mu corridor, na kila mutu anataka kujua bibi harusi amekula nini na amelala saa ngapi. Tena kuna ingine. Nikikuambia kwa mudomo, nitalia. Ukiona nalia utasema ni ile woga ya mama ya siku zote, utanishika ku mabega, utacheka, na tutabaki tu na ile gari nyeupe yenye itakupeleka samedi. Basi ni heri usome, na miye nikuwe mbali kidogo na macho yako.

Hapana nitakuandikia mambo ya kupika na kufagia. Ile unajua. Fufu yako inashinda yangu, hata baba yako amesema, na baba yako hapana anasemaka vitu vile bure. Naandika mambo yenye miye niliharibu.

Unakumbuka siku ulikuja na Moise kutuonyesha ginsi ndoa itakuwa. Mulikaa mu salon, yeye na kofia ku magoti kama mutu mwenye anangojea docteur. Ulifungua simu ukatuonyesha: salle kadogo ya karamu juu ya kilima, na madirisha yenye inaangalia Butembo yote, mabati yote ile, mupaka fasi ukungu inaanzia. Maua nyeupe yenye inaotaka mu mabonde kule, hapana ya plastique. Bougie, mishumaa, ku kila meza. Miziki ya guitare, chini chini, ili mutu asikie jirani yake. Na mulichagua mwezi wa saba, juu ni kiangazi, hapana kuna mvua, nguo yako hapana itagusa matope. Ulisema, "Mama, nataka kila mutu mwenye atakuwa mule ndani akuwe mutu mwenye ninaweza kumuita jina."

Nilipenda ile neno. Naipenda mupaka sasa. Nilikuangalia nikawaza: huyu mutoto anajua kitu anataka. Miye ku ndoa yangu, hata rangi ya kikwembe ya kuvaa nilichaguliwa. Na Butembo nilikuwa naionaka tu toka chini, nikiwa musichana, na mufuko ya maharagi ku mugongo na kamba ku kipaji, nafikiri mule mu manyumba ya juu banaishi batu ba dunia ingine. Kumbe mutoto wangu ataolewa mule, na atachagua hata urefu ya bougie.

Kisha nikauliza juu ya batu ba kwetu, "Na ba Kalunguta?"

Ukafunga simu. Moise akaangalia kofia yake.

"Mama, salle iko kadogo. Tutachukua banoko, bandugu bako bakubwa, na mabibi yabo."

"Na bengine?"

"Bengine tutabatumia picha."

Songali wako akapiga mukono moja juu ya ingine. "Picha! Batakula picha? Kavira, hii ni ndoa ao ni réunion ya comité? Ba Moise balileta mbuzi ya dot, ya mahari, hapa, mbuzi ililia mu parcelle mupaka jirani bakakosa usingizi, na sasa munataka kutukunjia karamu kama mouchoir ya kupangusia jasho?"

Moise akacheka. Weye haukucheka. "Tante, hapana soko ya samedi. Ni ndoa yangu."

"Yako! Mwanamuke anaolewaka peke yake?"

Nilikutetea. Nilisema muache mutoto. Lakini mu roho yangu kitu ilibaki imesimama, na haukuiona, juu nilikuwa namimina chai.

Kavira, miye nilizaliwa Kalunguta, pale ku barabara ya kuenda Butembo, unajua, lakini haujui ginsi nilitoka kule. Kwetu siku ya ndoa ilikuwa inatangazwa kwa mudomo. Mama yangu alisimama juu ya kilima yetu akaita, kilima ya pili ikaitika, ya tatu ikachukua, mupaka kila mutu mwenye analima akasimamisha jembe. Siku niliolewa na baba yako tulitembea ku miguu. Miye katikati, songali wangu ananishika mukono, na fasi yote tulipita bamama balitoka mu mashamba na udongo ku vidole, bakapiga vigelegele. Mumoja alinipa kuku muzima, sikumujua hata jina, nikabeba ile kuku mupaka ku mulango ya bakwe, imenichafulia kikwembe yote. Kasiksi ilinywewa mupaka ndizi ya kuikamua ikaisha. Nikamuuliza songali wangu, "Juu ya nini banapiga kelele hivi, hata bale hapana tunajuana?" Akanijibu kama mutu mwenye anaulizwa kitu ya batoto: "Ukipita kimya, kesho batauliza kama uliibiwa."

Nimeishi na ile neno. Kila mara musichana wa mutaa alikuwa anaondoka bila kelele, nilikuwa nasikia baridi. Basi wakati ulisema ba Kalunguta batapata picha, miye nilikuona unapita mu barabara ya kwetu, mu gari yenye madirisha imefungwa, na mama mudogo Katungu ameinama mu maharagi yake, anasikia gari, hapana anajua ni damu yake inapita. Sikuweza, Kavira.

Njo nikaenda ku radio.

Nilikuambia naenda kutafuta chumvi. Nilienda pale banasomaka komunike ya matanga na ya mbuzi yenye ilipotea. Kijana wa pale alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, akachukua bic. "Mama, tuandike nini?"

Nikamuambia. Familia yetu ya huku Mulekera inajulisha familia yote ya Kalunguta kama mutoto wetu Kavira ataolewa Butembo samedi. Juu salle iko kadogo, hapana bakasirike. Bibi harusi atapita barabarani Kalunguta saa tatu ya asubui, mu gari nyeupe yenye maua, na atasimama kidogo. Batoke bamuone.

"Saa tatu juste, mama?"

"Juste. Mutoto wangu hapana anachelewaka."

Na nikaacha numero ya simu yangu, kwa mwenye anataka kuuliza.

Mangaribi ikasomwa. Ule kijana ana sauti nzuri, ilikuwa kama anasoma jina ya mutoto wa mufalme. Nilikuwa nachagua muchele, nikalia juu ya muchele. Kesho yake ikasomwa tena. Ku barabara batu balinisimamisha, "Mama Kavira, proficiat, hongera!", na miye nilikuwa najisikia murefu. Weye ulifikiri ni Tante Masika alieneza habari, ukamuchukia siku mbili nzima. Ilikuwa miye. Umuombe pole kwa ajili yangu, lakini hapana leo.

Sasa neno yenye ninaogopa kuandika.

Juzi mardi, jua ikishuka, simu ililia. Numero sikuijua. Sauti ya mwanaume, polepole, na heshima.

"Mama ya Kavira? Proficiat sana, mama."

"Asante, mwanangu. Ni nani?"

"Ni miye cameraman. Nitapiga picha barabarani. Nataka kujua gari vizuri, nisikosee."

Nikamuambia. Mungu anisamehe, nilimuambia yote na furaha. Gari nyeupe, maua ya violet mbele. Akauliza bibi harusi atakaa fasi gani. Nikasema nyuma, upande wa kushoto, songali yake pembeni. Akauliza kama gari ingine itafuata. Nikasema moja, ya baba na zawadi. Kila mara alikuwa anasema, "Vizuri, mama. Vizuri." Kisha akauliza, "Na basoldat batabasindikiza?"

Nikacheka. "Basoldat ya nini? Ni ndoa, hapana ni mizigo ya dhahabu!"

"Ni kweli, mama," akasema. "Lala vizuri."

Niliweka simu chini, nikaendelea na kazi. Ni nyuma, nikiwa namimina mayi mu sufuria, njo nilisikia kitu yenye sikusikia. Unajua simu ya huku kwetu. Mutu akikuita unasikia pikipiki, mutoto analia, kuku, radio ya jirani. Kwake hakukuwa kitu. Majani tu, kama wakati upepo inapita mu kakao, na kandege kamoja kanaita, kanakimya, kanaita.

Nikajiambia, Mama Kavira, acha upumbavu, cameraman pia anawezaka kuwa mu shamba.

Jana Moise akapita kuchukua viti. Nikamupa chai, nikamuambia, "Ule cameraman wenu, ana adabu sana." Akashangaa. "Cameraman gani, mama? Ni Clarisse njo atafanya picha yote. Ni mwanamuke. Na hapana atakuja huku, atatungojea ku kanisa." Nikasema labda nilisikia mubaya. Nikatoka kumuonyesha viti.

Nikaita ile numero. Imezimwa. Leo asubui nikaita tena. Imezimwa.

Na weye umeona hii wiki. Bale bamama banapita mbele ya parcelle na magodoro ku kichwa, na mbuzi, na batoto bamevalishwa sweta tatu-tatu mu jua kali. Nilisimamisha mumoja nikamupa mayi. Nikamuuliza kuna nini kule ku mashamba. Akasema, "Tuliona alama ya miguu mu kakao. Hapana ya batu betu." Akakunywa, akarudisha kikombe, akaenda. Kakao ya baba yako imeiva, inaoza ku miti, na hapana alienda kuvuna. Uliona anakaa nyumbani ukafikiri ni juu ya ndoa.

Weye wiki hii yote ulikuwa unachagua rangi ya bougie. Hapana ninakulaumu. Nilipenda kukuona na ile tubougie twako ku meza, cream na nyeupe, unauliza kila mutu, wakati inje batu banafunga magodoro. Nilikuwa nawaza, huyu mutoto anakataa kuishi kama mutu mwenye anakimbia. Mulichagua kiangazi juu barabara inakauka, na mulichagua vizuri. Lakini na bale ba mupori, benye banavizia magari na bunduki, pia banapenda wakati barabara imekauka.

Nimetoka kidogo kuangalia. Hauyarudi. Mwenye kusuka nywele huyu ana mikono polepole.

Nikuambie ginsi nilimuambia baba yako, juu hii utaitaka mu nyumba yako.

Mwaka ya kwanza ya ndoa yetu, mama mukwe alisema sombe yangu, ile majani ya muhogo, imetwangwa kama na mutu mwenye anapigana. Neno kadogo hivi. Labda ilikuwa hata musemo ya kucheka. Miye nikakimya. Nilikimya toka tunapanda maharagi mupaka tunavuna. Baba yako akafikiri hapana namupenda, akaanza kuchelewa ku shamba, akaanza kula kwa ndugu yake. Siku nilifungua mudomo, haikukuwa tena sombe. Ilikuwa jambo kubwa yenye hapana mutu alijua kichwa yake iko wapi, na ilituchukua miaka kuipunguza. Nilijiapia kama nitasemaka kitu ikiwa ingali kadogo. Na tazama: hii ya simu nililala nayo usiku mardi, nikaamuka nayo, nikamupikia baba yako, nikamupangia shati, na mudomo imefungwa. Haikukuwa woga. Ilikuwa haya. Nilikuwa nasikia haya juu nilikuwa nimejivuna. Woga yako utaionyesha Moise bila shida, Kavira, batu bote banaogopa. Ni haya njo utataka kumufichia. Hapana umufiche.

Baba yako alikuwa anapigilia muguu ya kiti. Nikasema yote nimesimama. Nilingojea anipigie kelele, nilitaka hata anipigie. Aliuliza kitu moja.

"Ulimuambia atakaa upande gani?"

"Kushoto."

Akaweka nyundo chini polepole sana, kama kitu yenye inalala. Akavaa shati, akaenda kwa chef wa quartier, mukubwa wa mutaa yetu. Alirudi akasema chef atapeleka habari fasi inafaa. "Lakini amesema pia, kama ilikuwa mutoto wake, angemupitisha siku ingine, kimya, kati ya batu bengi."

Basi itakuwa hivi. Kesho ni vendredi, siku bamama bengi banaendaka Butembo na maharagi na mananasi. Utakuwa mumoja wabo. Utakaa nyuma ya jirani yetu Kambale, mwenye alikuwa anakupeleka ku lycée na pikipiki yake. Songali wako nyuma ya pikipiki ingine, baba yako ya ingine. Utavaa kikwembe yangu ya shamba, ile ya kijani yenye imepasuka ku goti. Ile nywele mupya utaifunika na fulari. Vernis, ile rangi ya kucha, utoe, nimekuwekea dissolvant ya kuitoa ku dirisha. Mwenye kuuzisha maharagi hapana ana vidole vile. Nguo yako ya ndoa nimeifunga mu drap mupya ya kitanda, nikaiweka mu gunia, juu nikatia maharagi kidogo. Hapana lia. Haikukunjika. Niliikunja kama mutu mwenye anakunja mutoto.

Na niligusa ndani ya upindo. Ile kipande ya kikwembe ya ndoa yangu, yenye ndege, yenye uliniomba na ukaishonesha fasi hapana mutu ataiona. Nilikuuliza siku ile, "Sasa kama hapana itaonekana, ni ya nini?" Ukasema, "Ni ya kwangu, mama. Hapana ya picha." Sikukuelewa. Nilifikiri ndoa ya kupendeza ni ile yenye dunia yote inaona. Weye ulijua kitu gani ionekane na kitu gani ibaki ndani ya upindo. Miye nilichukua yote nikaipeleka ku radio.

Gari nyeupe itabaki Butembo. Leo nilimupigia Moise. Nikamuambia yote. Kisha akasema, "Mama, aje kesho. Maua tutaweka huku." Utalala Vulamba, mulemule Butembo, kwa marraine, mama musimamizi wa ndoa yenu, hapana kwa Moise, songali wako ataangalia mulango kama askari, na kesho miye nitamutuma. Samedi utatokea pale na nguo yako, na gari yako, na maua ya violet, mupaka ku kanisa. Ni karibu. Kila kitu ulichagua utaipata, isipokuwa kutoka ku mulango ya baba yako. Hii njo nimekuibia. Songali angekushika mukono, miye ningepiga vigelegele mupaka jirani bote batoke. Kesho nitakupa mufuko ya chakula kama mutu mwenye anaenda soko, na nitasema "Usichelewe," ili bamama ba mu jiko basikie.

Utauliza, juu ya nini hapana nirudi ku radio niseme saa imebadilika. Niliifikiri. Niliamuka mupaka nikavaa viatu. Lakini masikio yenye ilisikia ya kwanza itasikia na ya pili.

Na sasa neno ya mwisho, yenye nimezunguka toka mwanzo.

Samedi saa tatu ba Kalunguta batatoka. Nabajua. Mama mudogo Katungu, mwenye hapana anaonaka tena vizuri, amesema batamuwekea kiti barabarani toka asubui, asikie angalau gari ikipita. Batoto batakata maua. Batakuwa bengi, na mavazi ya kanisa, saa yenye miye nilitangaza, fasi yenye miye nilitangaza. Gari hapana itakuja. Lakini ule mwenye aliniita ku simu hapana anajua kama gari hapana itakuja.

Nani atabaambia barudi? Simu kule inashika tu juu ya vilima. Kesho beko mu mashamba, bengine banalala kulekule, samedi banashuka kila mutu na njia yake. Inapaswa mutu akuwe pale barabarani mbele ya ile saa, na akuwe mutu mwenye batamusikia. Baba yako alisema ataenda yeye. Nikamuambia, "Ukibaambia weye barudi, batasema mukwe wetu amekuwa muchoyo, batakaa tu pale. Na nani ataingiza mutoto mu kanisa?" Akarudi ku kiti yake na nyundo.

Basi ni miye. Kambale akisha kukufikisha kesho atarudi, na samedi jua ikitoka atanipeleka. Nitasimama kwanza fasi Kalunguta inaanzia, nitapanda ku kilima yetu, na nitaita kama mama yangu aliita, kilima kwa kilima. Lakini nitaita barudi. Sijui kama kuna mutu alishawahi kuita vile siku ya ndoa. Bakisha kurudi bote, mama mudogo Katungu na kiti yake, nitapanda pikipiki nikuje. Misa ni saa tano. Nguo yangu ya karamu iko mu gunia pamoja na yako, chini. Nitavalia pale mulango ya kanisa kama ni lazima.

Uliandika majina ku ile tukaratasi, kila mutu na fasi yake. Niliona yangu. "Mama", na kaua umechora pembeni. Uiweke ku benchi ya mbele, karibu na ya baba yako, na hapana mwengine akae pale, hata songali wako, hata akisema muguu inamuuma. Kama saa tano imefika na fasi ni wazi, padri hapana angojee. Nimemuambia baba yako. Hakutaka, lakini alisema ndiyo.

Kesho ukipita Kalunguta, hapana salimia mutu. Hata ukimuona mama mudogo ku mulango yake. Hapana inua mukono, hapana toa fulari. Angalia mugongo ya Kambale mupaka kilima iishe. Utapita kimya. Kitu yenye nilikuogopea maisha yote, njo ninakuomba leo.

Na ku kanisa, wakati utaingia na baba yako, bamama batapiga vigelegele. Yangu unaijua. Inaanzaka chini kama mulango ya zamani, ukiwa katoto ulikuwa unanicheka, unaiigiza mbele ya bageni. Usikilize. Ukiisikia, nimefika, na ugeuke unione, hata kama Clarisse atasema picha imeharibika. Kama hauisikii, hapana geuka. Shika mukono ya baba yako, na mutembee mupaka mbele.

Nasikia pikipiki inapunguza ku kona. Ni ya Kambale, naijua. Sasa nasikia unacheka inje, songali wako anakuambia ile nywele imekuvuta macho mupaka unafanana na paka. Umerudi.

Naacha hapa, niende kukupashia mayi.

Mama yako